Stashahada na kuingia chuo kikuu
Wengi huuliza kama mwenye stashahada (diploma) lazima arudi kidato cha tano ndipo aingie chuo kikuu. Hapana, halazimiki. Aliyetoka kidato cha nne akasoma Chuo cha Ufundi Arusha, au chuo kingine chenye ithibati ya NACTVET (baraza linalosimamia elimu ya ufundi), anaomba digrii moja kwa moja. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wanataka GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0 kwenye stashahada hiyo (ngazi ya 6 ya tuzo za ufundi, NTA), pamoja na ufaulu wa D au zaidi katika masomo manne kidato cha nne. Mpwa wangu wa Njiro kapita njia hiyohiyo, akisoma umeme, na wale waliotoka kidato cha sita na PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) aliowakuta darasani ndio waliokuwa wakimuuliza multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, inashikwaje!

Ila 3.0 ni kiwango cha chini tu. Kozi nyingine zinataka zaidi, na stashahada iendane na fani unayoomba. Mwenye ya ujenzi asiote udaktari. Cheti cha kidato cha nne nacho msikitupe kabatini mkadhani kimeisha kazi, kitaulizwa. Mwenye cheti cha ufundi stadi cha VETA peke yake, huyo aanzie chuo cha kati (cha stashahada) kwanza.