Antena ya Redio ya Dijitali: Angalia Ethi Kabla ya Kulaumu Redio

Kwa wasomaji wetu walioko Ulaya, kusikiliza redio garini kunazidi kuwa suala la DAB, redio ya dijitali inayorushwa kutoka minara ya ardhini. BBC ilianza kurusha kwa mfumo huo mwaka 1995. Norway ilizima FM ya vituo vyake vya kitaifa mwaka 2017, na tangu Desemba 2020 sheria ya Umoja wa Ulaya inataka redio ya kila gari jipya iweze kupokea matangazo ya dijitali. Wenye magari ya zamani wanabadilisha redio wenyewe, kisha wanatuandikia. Mara nyingi redio zao ni nzima. Tatizo liko kwenye antena.

Ndugu fundi, habari za kazi. Niko Leicester, gari langu ni la mwaka 2009. Nimenunua redio mpya yenye DAB lakini ndani ya boksi hamna antena. Dukani kuna ya kubandika kwenye kioo, kuna ya juu ya paa, na kuna kidude cha kugawa antena niliyo nayo. Bei zinapishana sana. Nichukue ipi, na naifungaje?

Nzuri ndugu yetu. Ukitaka iliyo bora kuliko zote, ni ya paa. Ukitaka kazi ya saa moja bila kutoboa gari, bandika ya kioo, ila uifunge vizuri. Kigawanyi kiwe chaguo la mwisho.

Vituo vikubwa vya DAB vya Uingereza viko kati ya MHz 211 na 230 hivi. Robo ya urefu wa wimbi hapo ni kama sentimita 33, wakati kwa FM ni kama sentimita 75. Ndiyo maana fimbo ya sentimita 30 hadi 40 juu ya paa inafanya kazi nzuri sana kwa DAB. Mawimbi yenyewe yanarushwa wima, kwa hiyo fimbo iliyosimama huyapata vizuri kuliko iliyolazwa. Na paa la chuma si mahali pa kushikilia fimbo tu: ni nusu ya pili ya antena. Antena isiyo na chuma cha kuegemea, yaani ethi, ni nusu antena, hata ukiifungia busta (kikuza mawimbi) ya bei gani.

Kigawanyi huchukua mawimbi ya antena ya zamani na kuyapeleka njia mbili, FM na DAB. Kile kisicho na umeme hukata nguvu katikati, yaani desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mawimbi) zinaondoka hata kabla ya hasara ndogondogo. Chenye umeme hufidia hilo, lakini hakiwezi kurudisha kitu ambacho antena haikukipata. Kama gari lako lina kile kifimbo kifupi cha mpira, au antena iliyochorwa kwenye kioo cha nyuma, usinunue kigawanyi. Antena nyingi za kioo cha nyuma zina busta ya kiwandani iliyotengenezwa kwa ajili ya FM, na masafa ya DAB yanakufa humo humo.

Kabla ya kununua ya kubandika, kichunguze kioo chako cha mbele. Vioo vya kuzuia joto la jua vina utando mwembamba wa chuma. Ukivitazama kwa pembeni vina rangi ya zambarau au shaba kidogo. Utando huo unazuia mawimbi. Kitabu cha gari kwa kawaida huonyesha sehemu iliyoachwa wazi, mara nyingi karibu na kioo cha kutazamia nyuma, lakini ni ndogo mno kwa antena hii. Gari la namna hiyo lifungie ya paa.

Sasa kufunga ya kioo. Toa waya wa hasi wa betri, kisha usubiri dakika kadhaa kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, kwa sababu utagusa nguzo ya pembeni mwa kioo, na kwenye magari mengi eabegi ya pazia (mfuko wa hewa wa kulinda kichwa upande wa dirisha) inapita humo. Kwa Uingereza fanyia kazi upande wa abiria, yaani kushoto, ili filamu, yaani ile antena ya kubandika, isiingie mbele ya macho ya dereva. Vuta plastiki ya nguzo taratibu kuanzia juu. Klipu zake huvunjika, kwa hiyo nunua mbili tatu za akiba.

Usibandike bado. Acha filamu na karatasi yake ya nyuma, ishikize kwenye kioo kwa selotepu, bana foili ya ethi (kile kipande cha bati jembamba kinachotoka kwenye filamu) kwenye chuma cha nguzo, unganisha redio, rudisha betri, washa. Kwenye redio chagua kituo cha BBC. Vituo vyake vya kitaifa vinarushwa kwenye chaneli 12B, MHz 225.648. Fungua ukurasa wa nguvu ya mawimbi kwenye menyu ya redio, sogeza filamu juu na chini, uone inapopanda. Filamu ikishabandikwa haitoki nzima, kwa hiyo dakika hizi kumi ndizo zinazookoa pesa yako. Ukimaliza kupima, zima na utoe betri tena.

Safisha kioo kwa spiriti ya kusafishia, kikauke kabisa. Kioo kikiwa baridi gundi haishiki, na asubuhi za Desemba huko hilo ni jambo la kawaida. Washa hita ya gari kwanza. Filamu iache mbali na ukingo wa chuma kwa umbali ulioandikwa kwenye mchoro wa kifaa, na usiipitishe juu ya vile vidoti vyeusi vya pembeni, maana hapo inashikilia vidoti tu na baada ya wiki inabanduka. Mchoro ukisema ni ya upande wa kushoto, usiigeuze.

Halafu foili ya ethi. Hapa ndipo kazi nyingi tunazoulizwa zinapoharibika. Foili inabandikwa kwenye chuma cha nguzo. Isiwe kwenye plastiki, wala kwenye sponji, wala juu ya vumbi na nta ya kiwandani. Futa chuma kwa spiriti, bandika, kisha isugue kwa kucha kutoka katikati kwenda pembeni mpaka mikunjo yote iishe. Huna haja ya kukwangua rangi: kwa masafa haya foili pana iliyolala sawasawa juu ya rangi nyembamba hupitisha mawimbi vizuri, hata kama multimita (kipimo cha umeme) haionyeshi mgusano. Lakini ikiwa imenyanyuka katikati kama kitambi, haifanyi kazi. Ukirudishia plastiki ya nguzo hakikisha haiikunji.

Pitisha waya nyuma ya eabegi, kamwe usiupitishe mbele yake, na uufunge kwa tai za plastiki kwenye waya za gari zilizopo. Waya uliobaki usiukunje kama kifundo nyuma ya redio. Ulaze kwa duara kubwa.

Mwisho, ingia kwenye menyu ya redio utafute umeme wa antena ya DAB, uuwashe. Kile kibusta kidogo kwenye filamu kinapata volti 12 kupitia waya huohuo wa antena. Kuna redio zinazotoka kiwandani umeme huo ukiwa umezimwa, na mtu anarudisha antena dukani akidhani ni mbovu. Kama umechagua antena isiyo na busta, zima umeme huo, kwani baadhi ya antena zitaonekana kwa redio kama zimepiga shoti.

Ukiamua ya paa: teremsha sehemu ya nyuma ya kitambaa cha dari au toa taa ya ndani, utaona nati ya antena ya zamani. Pima tundu kabla ya kuagiza kitako kipya. Upande wa chini wa bati kwangua rangi kwa msasa pale tu meno ya wosha yanapouma, na ukitoboa tundu jipya paka rangi kwenye kingo, la sivyo kutu itaanza na maji yatafuata. Kaza nati mpaka gasketi ibanwe, uishie hapo; ukizidisha bati linabonyea. Waya mwembamba wa mita 5 hadi mbele hula kama desibeli 2, ndiyo maana vitako hivi vina busta ndani. Waya wake wa umeme unganisha na ule wa bluu wa redio unaowaka redio ikiwashwa. Angalia pia waya wa FM: magari mengi ya Ulaya yanataka volti 12 zipite humo, na bila adapta yake utapata DAB safi huku FM ikikwaruza.

Hamjambo. Mimi niko Birmingham. DAB ilikuwa safi miezi minne, sasa inakatika hata mjini kati. Kwanza sauti inakuwa kama maji yanachemka, kisha kimya. Sijagusa kitu chochote zaidi ya kufunga kamera ya dashibodi.

Hatujambo. Hiyo kamera ndiyo ya kushuku kwanza. DAB haina mkwaruzo kama FM: makosa yakiwa machache redio inayasahihisha na husikii kitu, yakizidi sauti inabubujika, kisha inanyamaza. Kwa hiyo kelele ndogo ya umeme inatosha kukuangusha kutoka kwenye usafi hadi kwenye kimya.

Egesha mahali unapojua redio inasumbua. Injini ikiwa imezimwa na redio ikiwaka, chomoa kamera kabisa pamoja na chaja yake kwenye soketi ya sigara. Chaja ndiyo mwenye kosa mara nyingi, kwa sababu ya kile kipunguza volti kilichomo ndani. Sauti ikirudi, umempata. Isiporudi, zima taa za LED ulizobadilisha, chaja ya simu, kimoja kimoja.

Dawa yake: hamisha waya wa kamera upande wa dereva, uwe mbali na filamu kwa sentimita 30 au zaidi, vika pete ya feraiti ya kubana (inayozuia kelele ya umeme kwenye waya), waya uzungushwe humo mara mbili au tatu, karibu kabisa na kamera, nyingine iwe karibu na chaja. Bado? Badilisha chaja. Usiongeze busta ya pili, maana itakuza na kelele.

Plagi ya antena haiingii kwenye redio. Naweza kukata waya nikaunga?

Usikate. Waya wa antena una waya wa kati na wavu unaouzunguka, na ukiusokota kwa mkono hapo ndipo mawimbi yanapopotelea. Redio nyingi za kununua dukani zina SMB, kiplagi kidogo cha kusukuma. Redio za kiwandani zina Fakra, yenye kasha la plastiki la rangi. Ile ya bluu ya maji inaingia kwenye zote. SMA ni ya kuzungusha, utaikuta kwenye vipokezi vya USB vya redio za Android. Adapta zake zipo na ni rahisi.

Shikamoo fundi. Baba yangu mdogo aliyeko Uingereza ananitumia gari Mombasa, lina DAB. Nitaisikia? Na jirani yangu ana gari la Japani lisilopata stesheni nyingi, ni ugonjwa huohuo?

Marahaba. Stesheni unazozisikiliza Mombasa ziko FM, kwa hiyo kitufe cha DAB kitakaa tu. FM ya gari hilo inaanzia MHz 87.5 hadi 108, sawasawa na ya Kenya na Tanzania. Usihangaike kubadilisha antena.

La jirani ni jambo jingine. FM ya Japani ni MHz 76 hadi 90, na magari mapya zaidi hufika 95. Kibadilisha masafa kinachochomekwa kati ya antena na redio hushusha stesheni. Kikiwa cha MHz 14, stesheni ya 98.4 ataikuta kwenye 84.4. Lakini hesabu inambana: redio yenye nafasi ya MHz 14 haiwezi kubeba zote 20, kwa hiyo za chini ya 90 na za juu ya 104 atazikosa. Aandike kwanza stesheni anazozipenda, kisha achague kiasi cha kushusha. Kifaa kipate volti 12 na ethi ya kwenye bodi, kisichukue umeme wa soketi ya sigara. Akitaka zote bila kupoteza hata moja, abadilishe redio.