Kabla ya rangi, malizaneni na watu

Swali la wiki hii linasema: ukitaka kuuza nyumba, utangulize kutengeneza nini, na pesa yako ya kwanza uiweke wapi? Najua wengi watajibu rangi, vigae, jipsamu, geti jipya. Mimi nasema watu. Anza na wanaoishi ndani ya nyumba hiyo, na wenye haki nayo hata kama hawaishi humo.

Pita mitaa ya Dar es Salaam utaona kuta zimeandikwa kwa herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Mara nyingi nyuma ya maneno hayo yupo mtoto wa marehemu ambaye hakuitwa kikaoni, au mke aliyezisikia habari za mauzo kwa dalali, au familia iliyomkuta tapeli akiwaonyesha wateja nyumba yao. Mnunuzi wa mjini hapa anayajua maandishi hayo. Ndiyo maana akifika, kabla hajatazama hata bati, anauliza mwenye nyumba ni nani, na je, yu hai?

Sisi tuliuza nyumba ya marehemu baba, Magomeni. Ni ile nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu kulia na vitatu kushoto, ukumbi katikati, jiko na choo uani, baraza mbele. Baba alituacha watoto wa matumbo mawili. Mama yetu alikuwa ametangulia. Mama mdogo alikuwa hai, anaishi chumba cha mbele. Kaka mkubwa aliteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi, kwa muhtasari wa kikao cha familia tuliousaini sote. Bila uteuzi ule hakuna wa kuuza. Mtoto wa kwanza hapati mamlaka hayo kwa kuzaliwa kwanza, na wapo walioliwa fedha zao kwa kudhani anayo.

Kwa mirathi ya Kiislamu, mjane hupata thumuni pale marehemu anapoacha watoto. Thumuni ya nyumba ile isingemnunulia mama mdogo nyumba nyingine mjini, naye ndiye aliyekuwa akilala mle. Jambo hili lilituchukua muda kuliko lolote, na ulikuwa muda uliostahili. Tulikubaliana kwamba kabla dalali hajaitwa, ijulikane mama atahamia wapi, na fungu lake litolewe kwanza. Dada zetu wa upande wake walitaka yaandikwe. Yakaandikwa, kila mmoja akasaini. Wanunuzi walipoanza kuja, mama mdogo mwenyewe ndiye aliyewakaribisha na kuwazungusha vyumbani.

Kama mwenye nyumba yu hai na ana ndoa, mwenzi wake asiachwe nyuma. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Wakili makini ataidai saini ya mkeo. Usingoje mkeo azisikie habari hizo ofisini kwa wakili.

Halafu wapangaji. Huku kwetu kodi hulipwa kwa miezi sita au mwaka, kwa hiyo siku mnayoamua kuuza, mpangaji ana miezi yake ameshailipia. Tuliwapa notisi ya maandishi, na kila aliyebakiwa na miezi tukamhesabia fedha yake mkononi, mbele ya mjumbe. Ni haki yao. Tena wao ndio wanaoulizwa, kwani mnunuzi mwenye akili hamwulizi dalali kama nyumba inavuja. Anamsalimia fundi cherehani aliyekaa barazani, anamwuliza: "Fundi, masika hapa pakoje?" Fundi wetu alijibu bila kuinua mguu kwenye pedeli: "Maji yanapita mtaroni, ndani hayaingii. Kile chumba cha mwisho ndicho kilikuwa kinavuja, wamebadilisha bati mwezi uliopita." Jibu lile lilituuzia nyumba kuliko tangazo lolote. Mpangaji aliyetimuliwa kwa makelele angejibu vingine, na nisingemlaumu.

Nigusie pia LUKU, ule umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye umeme, kwa hiyo anayeweka umeme ndiye anayekatwa kodi ya mwenye nyumba. Kama mpangaji wako amekuwa akikulipia, mrudishie kabla hajahama.

Kwenye makaratasi sitakaa sana, maana yanajulikana. Hati, au leseni ya makazi kama eneo halijapimwa rasmi, itafutwe na isomwe: jina, namba ya kiwanja, ukubwa, muda uliobaki. Kodi ya pango la ardhi ilipwe yote, na bili ya maji pia. Nendeni wenyewe mkafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati, mjue kama kuna mkopo au zuio mnunuzi hajawatangulia kulijua. Mipaka tembeeni mkiwa na jirani, mzione bikoni, zile alama za mpaka, pamoja. Ukuta ulioingia kwake nusu mita una uwezo wa kukwamisha mauzo yote. Thamani ipimwe na mthamini aliyesajiliwa. Kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu viingizwe kwenye mazungumzo mapema, mkataba useme nani analipa nini.

Na dalali awe mmoja, kwa makubaliano ya maandishi. Nimeshuhudia familia ya jirani ambako kila mrithi alikuja na dalali wake na bei yake. Mteja akipewa bei tatu za nyumba moja anaondoka, na ana haki ya kuondoka.

Sasa nyumba yenyewe. Jiulize kwanza: anayekuja ananunua nyumba au kiwanja? Magomeni, Ilala na Kariakoo nyumba nyingi za zamani hununuliwa zibomolewe, lipande ghorofa. Ukiweka vigae vya milioni kadhaa hapo, unampa mwenye greda kazi ya kuvisaga. Ila kama nyumba itakaliwa, tumia fedha pale panapomuumiza mkaaji: paa, mabomba, choo, nyaya za umeme zilizochakaa. Ukuta wenye unyevu usiufunike. Ukiona plasta inachanua chumvi nyeupe chini karibu na sakafu, maji yanapanda kutoka kwenye msingi, na rangi utakayopaka leo itabambuka masika yajayo, mnunuzi akiwa ameshahamia na watoto wake. Mwonyeshe, mwambie, mpunguzie bei. Ni mtu anayetoa akiba ya maisha yake.

Kwa hiyo ile pesa ya kwanza: yetu ilikwenda mahakamani, kwa wapangaji na kwa mpima ardhi, kwa mfuatano huo. Iliyobaki tukamwita fundi wa bati na kunyonya shimo la choo. Rangi tulipaka ukuta wa mbele peke yake, vyumbani tukapiga chokaa.