Pikipiki ya safari ndefu: tafuta panapoanzia maumivu kabla hujanunua kifaa

Barabara ya Dar es Salaam hadi Mbeya ina zaidi ya kilomita 800, na inampima mwendesha pikipiki vizuri kuliko maelezo ya muuzaji yeyote. Ukifika Chalinze bado uko sawa. Morogoro makalio yanaanza kuwaka. Ukitoka Mikumi shingo imekaza, na ukimaliza kona za Kitonga vidole vya mkono wa kulia havina hisia. Wengi wakirudi nyumbani hununua kiti kipya, kioo kirefu cha mbele cha kukinga upepo na vinyanyua usukani kwa mpigo mmoja, kisha safari inayofuata wanaumia pale pale, na hawajui ni kifaa kipi kimesaidia na kipi kimeharibu.

Kosa linaanzia kwenye kudhani kwamba panapouma ndipo penye tatizo. Viganja vikiuma, mtu hununua gripu nene. Lakini mara nyingi viganja vinauma kwa sababu kiti kimeinama kwenda mbele: mwili unateleza kuelekea tangi, na mikono inafanya kazi ya kuusukuma urudi nyuma saa nane mfululizo. Shingo ikiuma hulaumiwa helmeti, kumbe ni upepo unaovunjika kwenye ukingo wa kioo na kuupiga uso kwa mitetemo. Maumivu katikati ya mabega kwa kawaida ni usukani ulio mbali au chini mno. Magoti ni umbali kati ya kiti na vikanyagio. Kwa hiyo badilisha kitu kimoja, kiendeshe angalau kilomita 200, ndipo uamue kingine.

Na kabla ya kutoa hata shilingi, maliza marekebisho ya bure. Pima upepo wa matairi asubuhi yakiwa ya baridi, kwa namba za kitabu cha pikipiki, ukizingatia kama umebeba mzigo au abiria. Kisha shokapu ya nyuma. Nyanyua pikipiki hadi gurudumu lining'inie, pima kwa futi kamba kutoka ekseli hadi alama moja kwenye mkia iliyo juu yake wima. Ishushe, panda ukiwa umevaa vyote vya safari na mzigo umefungwa, mwenzako apime tena pale pale. Tofauti ya vipimo hivyo iwe karibu theluthi moja ya mwendo wote wa gurudumu la nyuma, juu hadi chini. Kama gurudumu lina mwendo wa milimita 180, unatafuta kati ya 55 na 60. Ikizama zaidi ya hapo itagonga mwisho kwenye kila tuta, na pigo hilo litakuja kwenye uti wa mgongo hata uwe na kiti cha bei gani. Ikizama kidogo mno, itakurusha. Kukaza ringi ya springi hakuifanyi springi iwe ngumu, kunapandisha tu pikipiki. Ukiikaza hadi mwisho na bado inazama, springi haikufai kwa uzito wako, na fedha ya kiti iende huko kwanza.

Legeza pia vishikio vya klachi na breki, uvizungushe hadi mkono kuanzia kiwiko mpaka ncha za vidole uwe mstari mmoja ukiwa umekaa mkao wako wa kawaida. Ni kazi ya dakika kumi, na inaondoa maumivu mengi ya kifundo cha mkono ambayo watu huyanunulia vifaa.

Sasa kiti. Kiti laini dukani ndicho kinachoumiza zaidi barabarani. Sponji laini inabonyea ndani ya saa moja, na kuanzia hapo umekalia plastiki ya chini kupitia mifupa miwili ya makalio. Ikandamize kwa ngumi: ukiifikia plastiki kwa urahisi, haifai. Sponji ya godoro, ambayo mafundi wengi huiweka kwa kuwa ndiyo iliyo karibu, inachoka mapema kwa sababu haikutengenezwa kubeba mwili mzima kwenye eneo dogo namna ile.

Fundi makochi mzuri anaweza kukutengenezea kiti kizuri kuliko cha kuagiza, ila umpe vipimo. Weka kipande cha boksi la karatasi nene juu ya ubao, kikalie dakika mbili ukiwa umeinama kidogo kama unaendesha, ukinyanyua magoti. Mifupa itaacha mashimo mawili. Umbali kati ya vitovu vyake kwa watu wengi ni kama sentimita 10 hadi 14. Sehemu bapa ya kiti lazima iwe pana kuliko hapo kwa pande zote mbili, la sivyo mifupa inaning'inia kwenye ukingo na nyama ya katikati ndiyo inayobeba uzito. Mbele kiti kibaki chembamba ili miguu ifike chini.

Mwambie aweke sponji ngumu ya sentimita 4 hadi 5 chini, na laini ya sentimita moja au moja na nusu juu. Gundi ipakwe nyembamba, maana ikirundikana inakauka kama ubao na utauhisi ukifika kilomita ya mia. Sehemu ya kukalia iwe tambarare au yenye kibonde kidogo. Weka pima maji juu yake pikipiki ikiwa imesimama wima, si ikiwa kwenye stendi ya pembeni. Mteremko wa kwenda mbele, hata mdogo, ndio unaozaa yale maumivu ya viganja.

Mshono usipite mahali pa kukalia. Unakata ngozi, halafu mvua inapenya kwenye matundu ya sindano na sponji inakunywa maji. Atandike nailoni chini ya raksini, na pini ziwe za chuma kisichoshika kutu, fupi zisitoboe plastiki. Raksini yenyewe isiwe ya kung'aa, kwa kuwa utateleza kila unaposhika breki. Kiti cheusi kikiachwa juani wakati wa chakula Mikumi kinaunguza, kwa hiyo kitupie kitambaa cheupe.

Jeli inasifiwa kuliko inavyostahili. Inasambaza uzito, kweli, lakini inatunza joto, na ikiwekwa juu ya sponji mbovu haiokoi kitu. Kwa joto letu, ngozi ya kondoo yenye manyoya yake ina faida kubwa kuliko bei yake, kwani hewa inapita kati ya nyuzi na jasho halikai. Ikilowa ianike kivulini. Mto wa hewa nao ni mzuri, ila karibu kila mtu anaujaza kupita kiasi na kuishia kuyumba juu yake kama yuko kwenye puto. Ujaze, ukalie, kisha fungua valvu kidogo kidogo hadi mifupa ibaki kama sentimita moja kutoka chini. Hapo funga.

Kumbuka jambo hili: kiti kikipanda sentimita 2, kichwa nacho kinapanda sentimita 2. Kioo kilichokuwa sawa jana leo kinaupeleka upepo usoni. Ndiyo maana kiti kinamalizwa kwanza na kioo kinafuata.

Kazi ya kioo cha mbele ni kuupeleka upepo mahali fulani. Hakiwezi kuufuta. Upepo safi, hata ukiwa mwingi, hauchoshi kama upepo uliovunjika. Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na malori, ufike kilomita 80 au 90 kwa saa, usikilize kelele ndani ya helmeti. Jinyanyue kidogo kwenye vikanyagio, kichwa kipande kama sentimita 10. Kelele ikipungua ghafla, umetoka kwenye mvurugo na kuingia kwenye upepo safi, maana yake kioo chako kinaukatia upepo vibaya. Kisha kaa, jikunje ushuke kichwa kiwango kile kile. Kukiwa kimya huko chini, kioo kirefu zaidi kitasaidia. Kama kimya kilikuwa juu tu, basi unahitaji kioo kifupi, jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii kabisa.

Ukingo wa juu uwe usawa wa kidevu hadi pua, ili uone barabara juu ya kioo wala si kupitia kioo. Kioo cha pikipiki hakina waipa. Mvua ikikukuta usiku na taa za malori yanayopishana nawe, kioo chenye mikwaruzo kinageuka ukuta mweupe. Acha pia nafasi ya sentimita chache kati ya sehemu ya chini ya kioo na taa. Upepo unaoingia hapo unajaza utupu unaotokea nyuma ya kioo, na utupu huo ndio unaokuvuta kwenda mbele na kupigisha helmeti. Mara nyingine kuongeza washa (pete bapa za skrubu) kati ya kioo na mahali kinapofungwa ili kisogee mbele kidogo kunamaliza tatizo zima bila kununua kingine.

Kioo kipana kilichofungwa kwenye usukani, badala ya kwenye fremu, kinaupeleka msukumo wa upepo moja kwa moja mikononi. Lori la tela likikupita upande wa pili utalihisi kwenye usukani, na kwa mwendo mkubwa pikipiki inaweza kuanza kuyumbayumba. Na kwenye bonde la mibuyu pale Ruaha Mbuyuni, kioo kirefu kinakunyima hewa wakati unaihitaji kuliko wakati wowote. Kinachoshushwa na kupandishwa kwa mkono kinafaa kuliko vyote. Usikaze skrubu zake kwa nguvu, zikae kwenye mpira wake, maana ufa huanzia kwenye tundu. Kisafishe kwa maji mengi na sabuni laini. Petroli, spiriti na dawa ya vioo vya nyumbani vinaweza kukififisha au kukipasua.

Vinyanyua usukani vya milimita 20 hadi 30 vinatosha watu wengi. Zaidi ya hapo kifua kinageuka tanga, na gurudumu la mbele linapungukiwa uzito. Pima kipenyo cha usukani kabla ya kuagiza: kwenye pikipiki nyingi za zamani na ndogo ni milimita 22, na usukani mnene ni 28.6 katikati. Bolti ndefu zinazokuja navyo lazima ziingie kwenye alumini angalau mara moja na nusu ya unene wake, yaani milimita 12 kwa bolti ya 8. Zikaze kwa spana ya kupimia mkazo, kwa kiwango cha kitabu.

Baada ya kufunga, geuza usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Hosi ya breki isivutike, na nyaya chini ya tangi zisibanwe. Eksileta iachie yenyewe ghafla katika pande zote mbili. Washa injini ikiwa nyutro, uugeuze usukani tena polepole. Mlio ukipanda wakati unageuza, kebo ya mafuta inavutwa. Usiondoke hapo kabla hujaipitisha njia nyingine au kuweka ndefu, kwa sababu siku ukikata kona kali mlimani pikipiki itajiongezea mafuta yenyewe.

Kile kibawa cha plastiki kinachovaliwa kwenye eksileta ili kiganja kisukume badala ya vidole kukaza kinapunguza sana uchovu kwenye barabara ndefu. Ukiingia mjini au penye matuta kizungushe pembeni, maana kiganja kikikiegemea wakati vidole vinashika breki unaongeza mafuta bila kujua.

Vikanyagio vya kushusha, milimita 20 au 30, vinafungua magoti, lakini vinagusa lami mapema kwenye kona. Ukivishusha, rekebisha kanyagio la breki na la gia vivifuate, kisha hakikisha taa ya breki inawaka pale pale breki inapoanza kushika. Swichi hiyo husahauliwa na karibu kila mtu.

Makambako mwezi wa sita na wa saba kuna baridi na upepo, na gripu za joto pale si anasa. Zinakula kama wati 30 hadi 40. Chaja ya simu ya ampea 2 inakula kama wati 10 tu. Kila waya mpya utoke kwenye betri na fyuzi yake karibu na betri, kupitia rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayozimika na swichi kuu. Ukishafunga, washa vyote, injini izunguke kama mara elfu tatu kwa dakika, upime betri kwa mita. Ikishuka chini ya volti 13, unaila betri ukiwa safarini. Simu nayo isifungwe kwenye usukani bila kishikio chenye mpira wa kumeza mtetemo: mwaka 2021 Apple walitoa tahadhari kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone.

Kifaa cha bei ndogo kuliko vyote tumekiacha mwisho, ingawa kingestahili kuwa cha kwanza: vizibo vya sponji vya masikio. Ndani ya helmeti kwa mwendo wa barabara kuu, kelele ya upepo inavuka desibeli 95, kiwango kinachoharibu usikivu polepole, na sehemu kubwa ya ule uchovu wa jioni unatoka humo. Visokote viwe vyembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, ingiza, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 20 hadi kivimbe. Kikibaki kinachungulia nje nusu nzima, hakijaingia. Honi na injini bado utazisikia, bila ule mvumo.

Bolti zote ulizogusa, za usukani, za kioo na za vikanyagio, zipitie tena kwa spana baada ya kilomita 300 za mwanzo. Ukiondoka Dar na vifaa vipya, hapo ni Mikumi, pikipiki ikipoa wakati unakula.