Unayeanza nyanya, mjue kantangaze kwa sura

Wewe unayeanza kulima nyanya msimu huu, kabla hujakimbilia duka la pembejeo, jifunze kwanza sura ya kantangaze, nondo mdogo ambaye viwavi wake hula majani na matunda ya nyanya. Mimi sikujifunza. Niliona majani yamechorwa, nikasema ni wale nzi wadogo wa siku zote, nikapiga dawa ya nzi mara tatu. Nyanya zilipoanza kuiva, kila nikipasua moja nakuta tundu karibu na kikonyo, na ndani kinyesi cheusi.

Funza wa nzi huchora mstari mwembamba unaojipinda kama nyoka. Kiwavi wa kantangaze anakula nyama ya jani na kuacha ngozi mbili tupu, juu na chini. Baka lake ni pana. Ukilielekeza juani linapitisha mwanga, na uchafu mweusi unauona umerundikana upande mmoja. Lipasue taratibu kwa ukucha. Utamkuta humo, kijani hafifu, akikua mgongo unaingia uwaridi, na nyuma tu ya kichwa ana utepe mwembamba mweusi kama kavaa kidani. Ukiuona huo utepe, basi, ndiye.

Nondo mwenyewe ana milimita 5 hadi 7, sawa na punje ya mchele. Ni wa kijivu chenye mng'ao wa fedha, mbawa za mbele zina madoa meusi, papasi zake za kichwani ni ndefu, zina pingili kama ushanga. Mchana anajibanza kwenye majani, kwa hiyo usihangaike kumwinda. Weka mtego wa harufu tangu kitaluni: kidonge chenye harufu ya jike juu ya beseni la maji ya sabuni. Lakini wanaonaswa ni madume tu, na jike moja linaweza kutaga mayai hadi 260. Beseni linakupa taarifa kwamba kafika; shamba halilindi.

Asili yake Amerika Kusini, na Tanzania alionekana mwaka 2014. Dawa nyingi ameshazizoea, hivyo badilisha kiambato, yaani kemikali yenyewe inayoua, usibadilishe jina la chupa tu.

Nyanya zilizotoboka zifunge kwenye mfuko wa plastiki, uuache juani. Kagua na mnavu wa pembeni. Wa kwangu ulikuwa umejaa viwavi, nami kila jioni nauchuma mboga bila kuukagua.