Geuza Kadi Kwanza: Majibu kwa Wanaokusanya Postikadi za Zamani

Maswali yamejaa tena, na kama kawaida nusu yake ni lile lile la bei. Nimechagua yanayofundisha kitu, pamoja na mawili matatu yaliyoniudhi.

Shikamoo mzee. Kuna kijana Mwanjelwa anauza postikadi ya mtaa wa Mbeya mjini, nyuma imeandikwa "1908" kwa kalamu. Anataka laki na nusu. Nichukue? (Msomaji, Uyole)

Marahaba. Usichukue. Mwaka 1908 hapakuwa na mtaa wa kupiga picha. Mji wa Mbeya ulianza kukua miaka ya 1920, dhahabu ya Lupa ilipovuta watu, na kufikia hapo Mjerumani alishaondolewa nyanda hizi na Waingereza tangu 1916. Makao yake huku kwetu yalikuwa Neu-Langenburg, ambayo ndiyo Tukuyu ya leo. Kadi ya kweli ya enzi hizo kutoka pande zetu itataja Langenburg, Rungwe, Iringa au Ziwa Nyasa. Mlima wa Mbeya unaweza kutokea. Maduka na nguzo za umeme, hapana.

Inawezekana kabisa kadi yenyewe ni halali, ya miaka ya 1950, na ina thamani yake kama kadi ya miaka ya 1950. Uongo uko kwenye ile kalamu. Mwaka uliopigwa kwa muhuri wa posta ni ushahidi. Mwaka ulioandikwa kwa kalamu ni maneno ya mtu. Na wale mnaouziana stesheni ya TAZARA "ya enzi za mkoloni" mjue kwamba ujenzi wa reli hiyo ulianza 1970, miaka tisa baada ya Uhuru.

Mzee hii sh. ngapi? (Makambako, Vwawa, Ilula, na wengine msiohesabika)

Mmetuma picha ya mbele tu, juu ya shuka la maua, kidole gumba kimefunika kona. Upande wa mbele peke yake hauna bei. Picha ya mbele ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kunakili. Mwenye simu na printa ya steshenari anaitoa kabla chai yako haijapoa. Geuza kadi!

Nyuma ndiko umri ulikoandikwa. Kadi za kwanza zilitoka Austria-Hungaria mwaka 1869, bila picha. Zilipoanza kuwekwa picha, upande wa nyuma ulibaki wa anwani peke yake, na salamu zilibanwa mbele, pembeni mwa picha. Mstari wa kugawa nyuma katikati, salamu kushoto na anwani kulia, uliruhusiwa Uingereza mwaka 1902, Ufaransa 1904, Ujerumani 1905 na Marekani 1907. Ukiletewa kadi ya Kijerumani "ya 1897" yenye mstari katikati, mwambie mwenye nayo asalimie nyumbani.

Kisha chukua rula ya mwanafunzi. Kadi za zamani kwa kawaida ni sentimita 9 kwa 14. Nyingi za kisasa ni kubwa zaidi, kama 10.5 kwa 14.8. Anwani ya tovuti au ile mistari myeusi ya kuskani bei dukani (barcode), sidhani kama nahitaji kuieleza. Lakini nimeshatumiwa kadi "ya Mjerumani" yenye vyote viwili.

Ukituma tena, tuma mbele, nyuma na vipimo. Usipofanya hivyo sijibu.

Niliambiwa kadi ikiwa na nukta ndogo ndogo ni feki. Yangu ina nukta. Nimeibiwa? (Mwalimu, Tukuyu)

Aliyekuambia alisikia nusu ya somo, mwalimu wangu. Nukta zilikuwepo tangu zamani. Kinachotofautisha ni aina ya nukta, na kwa hilo unahitaji lensi. Sonara anayo, muombe kwa adabu.

Kadi nyingi nzuri za Kijerumani za mwanzo wa karne iliyopita zilichapwa kwa sahani ya kioo yenye jelatini. Chini ya lensi huoni nukta zilizopangwa, unaona chembe zilizojikunja ovyo, kama udongo wa mfinyanzi uliokauka ukapasukapasuka. Nyingine zilichapwa kwa nukta za mpangilio, rangi moja, nyeusi au kahawia. Zote mbili ni halali. Kadi za rangi za wakati huo zina madoa ya rangi nyingi yasiyolingana, kwa sababu kila rangi ilikuwa na jiwe lake la kuchapia.

Nakala ya kisasa ya kiwandani ina nukta za rangi nne, bluu, waridi, njano na nyeusi, zilizojipanga kama vijiua vidogo. Ya printa ya wino ina vitone vilivyonyunyizwa, na mara nyingi utakuta vitone vya rangi hata kwenye picha inayojifanya nyeusi na nyeupe.

Sasa kipimo ninachokiamini kuliko vyote: soma maandishi ya chini ya picha kwa lensi. Kwenye kadi ya asili, herufi kwa kawaida zilichapwa kwa wino mzima, kingo zake zimekamilika. Anayeskani kadi nzima anaskani na herufi pia, kwa hiyo kwenye nakala herufi nazo zinavunjika kuwa nukta. Halafu pitisha kidole kwenye mikunjo. Mkunjo unaouona kwa macho lakini kidole hakiugusi ni picha ya mkunjo.

Kuna aina nyingine, kadi ambazo ni fotografia halisi iliyosafishwa kwenye karatasi ya picha. Hizo hazina nukta kabisa, kijivu chake kinateleza bila kukatika. Iinamishe dirishani: za zamani mara nyingi hutoa mng'ao wa fedha sehemu za giza. Nyuma, kwenye kisanduku cha stempu, angalia jina la karatasi: AZO, VELOX, KODAK.

Kadi yangu ni ya kahawia mbele na nyuma, inanukia uzee. Hiyo si dalili nzuri? (Njombe)

Ni dalili ya chai. Karatasi iliyozeeka kwa haki haizeeki sawasawa. Kingo hutangulia, na sehemu iliyofunikwa na pembe za albamu hubaki nyeupe. Ukiona kahawia iliyoenea pote kwa kipimo kimoja, mtu ameiogesha. Huku Njombe na Rungwe majani ya chai hayajawahi kuwa haba.

Nimeuziwa Iringa kadi ya "Chifu Mkwawa akiwa hai". Nyuma ina mstari wa kugawa. Muuzaji anasema ilichapwa Ujerumani wakati wa vita yake. (Kihesa)

Rudi juu usome kuhusu upande wa nyuma. Mkwawa alijiua Julai 1898 ili asishikwe na Wajerumani. Mstari wa kugawa uliruhusiwa Ujerumani mwaka 1905. Kadi yako ilichapwa kama miaka saba baada ya kifo chake, kwa uchache. Hapo hatujagusa hata sura iliyomo.

Na sura yenyewe uiulize vizuri. Jina la Mkwawa lilibebwa na watoto na wajukuu. Picha za mjukuu wake Adam Sapi, aliyekuwa chifu na baadaye Spika wa Bunge, zina "Chifu Mkwawa" chini yake na hazidanganyi. Mwongo ni anayefuta nusu karne ili bei ipande. Kadi halali ya Adam Sapi ni kitu cha kujivunia. Sioni kwa nini ivishwe jina la babu yake. Kabla hujamlipa mtu yeyote tena kwa ajili ya Mkwawa, panda daladala hadi makumbusho ya Kalenga, ambako fuvu lake limehifadhiwa tangu liliporudishwa mwaka 1954.

Kadi yangu ina stempu ya meli, imeandikwa Heller, muhuri wa 1899. Nibandue stempu niiuze peke yake? (Tunduma)

Usibandue chochote. Stempu, muhuri na kadi vikiwa pamoja vinatoleana ushahidi, na hapa vimeshakutolea. Stempu za meli ya Kaiser, yaani mfalme wa Ujerumani, zilianza huku mwaka 1901, zikiwa na bei za "pesa", sarafu ndogo ya koloni wakati huo. Heller, sarafu iliyochukua nafasi yake, ilikuja na stempu za 1905. Muhuri wa 1899 hauwezi kukaa juu ya stempu hiyo. Ama umesoma vibaya tarakimu, ama muhuri ni wa kughushi. Mihuri ya kughushi juu ya stempu halisi za koloni la Mjerumani ni biashara ya siku nyingi, kwa sababu baadhi ya stempu zilizotumika zina thamani kuliko zisizotumika.

Mkiwa mpakani hapo, jihadharini pia na stempu za Nyasaland (Malawi ya leo) zilizopigwa chapa ya herufi N.F., za jeshi la Waingereza lililoingia kutoka kusini mwaka 1916. Ni halali na zinatafutwa, ndiyo maana zinaghushiwa sana. Bila mtaalamu wa stempu, weka pesa yako mfukoni.

Ile tochi ya kukagulia noti inasaidia? (Tunduma, mwingine)

Inasaidia upande mmoja tu. Karatasi nyingi za baada ya miaka ya 1940 zina dawa ya kuzifanya ziwe nyeupe, na chini ya tochi hiyo hung'aa bluu. Kadi ya "1910" inayong'aa namna hiyo irudishe kwa mwenyewe. Isipong'aa haijashinda kesi, maana karatasi zisizo na dawa bado zinatengenezwa.

Tumerithi kadi za misheni kutoka kwa bibi, zimeandikwa "Konde". Mnunuzi anasema ni za Wamakonde wa Mtwara, hazihusiani na sisi. Kaka anataka kuuza. (Rungwe)

Mnunuzi huyo ama hajui, ama anajua sana. Konde ni jina ambalo Wajerumani waliwaita Wanyakyusa na nchi yao. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na kadi za misheni zilichapwa Ulaya ili kuchangisha fedha makanisani. Huko Peramiho na Tosamaganga Wabenediktini nao walikuwa na za kwao.

Mwambie kaka asubiri. Kwenye kadi hizo watu wameandikwa kabila tu, hawana majina. Kama kuna mzee hapo nyumbani anayemtambua hata mmoja kwa sura, au anayelijua kanisa lililo nyuma yao, mkalisheni leo, si Krismasi. Andikeni kwa penseli laini kwenye karatasi ya pembeni, skanini mbele na nyuma, kisha ndipo mjadili kuuza. Kadi yenye jina la mtu na kijiji chake mnunuzi makini ataithamini zaidi, na hata mkiiuza jina litabaki kwenu.

Je, ni haramu kuchapa nakala? (Sumbawanga)

Nakala siigombi. Picha za Walther Dobbertin, Mjerumani aliyepiga sana nchi hii kabla na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, zipo wazi kwenye intaneti kutoka hifadhi ya taifa ya Ujerumani, na ni vizuri watoto wetu wazione ukutani. Taja ilikotoka, andika "nakala" nyuma kwa herufi zinazosomeka, uza kwa bei ya nakala. Anayekataa kuandika neno hilo moja ameshajieleza.

Nizilaminishe zisiharibike? (Mafinga)

Hapana! Ule moto na ile gundi havitoki tena. Bahasha ya karatasi, kabati kavu, mbali na jiko.