Kwa mdogo wangu wa Wete aliyekwama kwenye pointi 1100

Mdogo wangu, umesema kwenye sataranji ya mtandaoni hupandi juu ya 1100, na kila usiku unacheza michezo ishirini ya dakika 3. Basi tatizo liko hapo hapo. Dakika 3 zinakuzoesha kukimbizana na saa tu. Hamia dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua, mchezo mmoja au miwili kwa usiku, inatosha.

Halafu, na hili nalisisitiza sana, chukua michezo 20 uliyofungwa uipitie kwa macho yako kabla ya kuiuliza kompyuta. Andika daftarini sababu ya kila kipigo: niliacha kete ikaliwa bure? Farasi wake alimshika mfalme na malkia wangu kwa pamoja? Saa iliniishia? Kwa kiwango chako, nadhani kete za bure zitajaza ukurasa. Ukimaliza ndipo ufungue uchambuzi wa kompyuta. Lichess, tovuti ya sataranji, hawatozi kitu.

Watazame wazee wa bao barazani: hawatii mkono shimoni mpaka wamehesabu mtaji, yaani hatua ya kula kete, unaishia wapi. Nawe kabla ya kila hatua jiulize, akijibu atanila nini, atamtishiaje mfalme wangu?

Kukariri mianzo mirefu, yaani mfululizo wa hatua za kwanza za mchezo, acha kwa sasa. Na pointi za Lichess usizilinganishe na za tovuti nyingine ya Chess.com, mizani yao ni tofauti.

Niletee mchezo mmoja uliokuuma zaidi, pamoja na maelezo yako, tuupitie.