Mkono wa chapati ulivyoniponza kwenye tambi za mayai

Nasukuma chapati tangu nina miaka tisa. Kwa hiyo siku nilipoamua kutengeneza tambi mbichi nyumbani, zile bapa za Bologna, Italia, wanazoziita tagliatelle, sikuona cha kunitisha. Unga wa ngano ninao, mayai ninayo, kibao na mpini vipo. Nikamwalika dada na shemeji. Tulikula wali.

Kilichoniponza ni mazoea. Unga wa chapati unaukanda kwa maji ya uvuguvugu na mafuta mpaka unalainika kama ndewe la sikio. Donge la tambi ni gumu, kavu, na dakika tano za kwanza linapasukapasuka utadhani halitashikana kamwe. Hapo ndipo nilipotia maji. Kijiko kimoja, kisha kingine. Nilipozikata ziligandana, na ndani ya sufuria zikawa uji. Basi ushauri wangu wa kwanza: likikubishia, lowesha viganja tu, uendelee kukanda.

Kipimo cha Emilia-Romagna, mkoa wa Bologna kaskazini mwa Italia, ni yai moja kwa gramu 100 za unga, bila maji. (Kusini hutumia unga wa ngano ngumu na maji matupu, yai hakuna, hizo ni tambi nyingine.) Ila yai lao ni kubwa, na letu la kienyeji ni dogo. Ukihesabu mayai utakosea, heri uyapime: gramu 50 hadi 55 za mayai yaliyovunjwa kwa kila gramu 100 za unga. Mimi bado napenda ya kienyeji, maana kiini chake kinatia tambi rangi ya manjano. Kwa ya kisasa tambi hunitokea nyeupe, ingawa ladha si mbaya.

Kanda dakika kumi kwa nguvu. Jasho litakutoka, na ni sawa. Kisha lifunike donge kwa bakuli, ulilaze nusu saa. Mwenye haraka akiruka hapa atajuta, kwa sababu unga usiolala kila ukiusukuma unajirudi.

Wembamba wa chapati hautoshi. Sukuma mpaka ukiinua uone kivuli cha mkono wako upande wa pili, kwani tambi huvimba zikiiva. Wanawake wa Bologna wana mpini mrefu wa karibu mita moja. Wangu ni wa chapati, kwa hiyo nagawa donge vipande vidogo na vinavyosubiri navifunika. Mashine sijanunua, na sioni haja kwa chakula cha watu watatu.

Acha tambi uliyosukuma ikauke kidogo juu ya kitambaa kabla ya kukunja na kukata. Hapa Dar, msimu wa mvua, dakika kumi hazitoshi. Shika, ikiwa bado inanata, ngoja. Nyunyizia semolina, ule unga wa ngano wa chengachenga, usitumie unga wa kawaida, maana huo hunyonya unyevu ukageuka gundi. Upana? Mwaka 1972 Bologna waliandikisha rasmi kwamba tagliatelle iliyoiva iwe milimita 8. Zangu zina milimita nne, kumi, na nyingine sijui niziite nini.

Mchuzi uive kwanza, ndipo utie tambi. Maji mengi yanayotokota, chumvi gramu 10 kwa lita, mafuta usitie. Dakika mbili, tatu kwa nyingi, onja. Chota kikombe cha maji hayo kabla ya kuchuja, uyachanganye na mchuzi ushike vizuri.

Mabaki ya pembeni usitupe. Waitaliano wameyapa hata jina, maltagliati, yaani zilizokatwa vibaya, na huzitia kwenye supu ya maharage. Mimi hutia kwenye maharage ya nazi yaliyolala, dakika mbili kabla ya kuepua.